Mguu wa Babu na Mistari Mitano Mitupu

Nyamira,
Jumatano, jioni

Mwanangu Moraa,

Mwalimu wetu wa darasa la saba alitufundisha kwamba barua njema huanza kwa salamu na kuuliza hali. Lakini wewe nimekusalimu asubuhi juu ya uji, na hali yako naijua: tangu jana umelifunga na kulifungua sanduku lile mara nne. Kwa hiyo naziruka salamu. Umekwenda Nyakoe kumuaga shangazi yako, na shangazi yako hamwachi mtu aondoke bila kula, hivyo nina nafasi mpaka giza liingie. Miguu inaniuma. Leo nimechuma chai asubuhi, kisha nikatembea hadi mjini na kurudi. Ukiona mwandiko unateremka chini ya mstari, ni uchovu tu, siumwi.

Nakuandikia kwa Kiswahili, ingawa humu nyumbani tunasema Ekegusii. Kiswahili ndicho nilichofundishwa kuandika. Ekegusii nilifundishwa kusema, na nilifundishwa pia ni mambo gani hayasemwi. Ninalotaka kukuambia ni mojawapo ya hayo.

Sitakuambia jinsi ya kutunza nguo zako, wala saa ya kulala, wala watu wa kukaa nao. Umeyasikia kwangu miaka kumi na tisa na najua sura unayoifanya nikianza. Nataka kukuambia habari za mguu wa babu yako.

Unakwenda Nairobi kujifunza uuguzi kwa sababu umefaulu mitihani. Hilo ni lako. Lakini ile nafasi nyingine, ya kumshikia Daktari daftari katika utafiti wake mpya wa vidonda vya miguu vya wagonjwa wa sukari, hiyo umepewa kwa jina langu. Barua yake uliisoma kwa sauti mbele ya watu wote wa nyumba hii. "Mama yake ndiye aliyeniwekea daftari safi kuliko wote niliofanya nao kazi. Kama binti ana mkono wa mama yake, namtaka." Shangazi yako akapiga vigelegele. Mimi nikaenda jikoni kuangalia chungu ambacho hakikuwa na kitu.

Daftari lile lilikuwa safi, Moraa. Halikuwa la kweli. Na wewe kesho unapanda basi kwenda kusimama juu yake.

Wakati ule ulikuwa na miaka tisa. Uhuru ulikuwa bado mpya, na mimi nilikuwa dresa katika hospitali ndogo ya misheni, kazi niliyoipata kwa sababu nilikuwa nimemaliza darasa la nane na niliandika vizuri. Niliosha vidonda na kufunga bendeji. Unajua jinsi nilivyojivunia ile aproni nyeupe. Jumamosi, Sabato yetu, kanisani niliketi na wake za walimu, na mtu akinisifu nilisema, "Ni Mungu tu," huku moyoni nikisema ni mimi.

Kisha akaja Daktari, mtu kutoka mbali, asiyejua neno moja la kwetu. Alikuta wodini wagonjwa wa sukari wachache ambao hakuna aliyewaelewa. Watu walidhani ni ugonjwa wa matajiri wa mjini. Tulichemsha mkojo wao pamoja na dawa ya buluu katika kichupa cha kioo, nayo ikageuka kijani, au manjano, na kwa mwenye hali mbaya ikawa nyekundu kama tofali. Tatizo kubwa lilikuwa miguu. Ugonjwa huu ukikaa mwilini hutia miguu ganzi, hata mtu anaweza kukanyaga kaa la moto akaenda zake. Kidonda kinaanza chini ya unyayo, mahali ambapo mwenyewe haoni na hasikii, na kikishafika kwenye mfupa hakina tena rafiki.

Daktari akatuita sote. Akasema, "Wazee wa hapa wananiambia asali inaponya vidonda. Vitabu vyangu vinasema maji ya chumvi na shashi safi vinatosha. Mimi sijui. Tutajua tukipima."

Nililipenda neno lile. Sikuwahi kumsikia mtu mkubwa akisema "mimi sijui" mbele ya watu wadogo wake. Nikajiambia, hii ndiyo kazi niliyosomea bila kujua.

Mpango ulikuwa hivi. Kila mgonjwa aliyekubali alipewa namba, na bahasha iliyofungwa ilifunguliwa mbele yake. Ndani palikuwa na neno moja: asali au chumvi. Hakuna aliyechagua, hata Daktari mwenyewe. Kisha kila Jumatano dresa aliosha kidonda, akaweka juu yake karatasi ya nailoni inayopitisha mwanga, akachora ukingo wake kwa kalamu, akaiweka ile karatasi juu ya karatasi ya miraba na kuhesabu miraba iliyo ndani ya mchoro. Miraba ikipungua, kidonda kinafunga. Ikiongezeka, kinakula.

Wodi ilichangamka. Palikuwa na mama mmoja muuza ndizi, Kerubo, mwenye ulimi usio na lango. Yeye bahasha ilimpa chumvi.

"Daktari!" akaita siku moja. "Huyu wa kitanda cha pili anapakwa asali kama mkate wa arusi, mimi naoshwa na maji ya mboga. Nimekukosea nini?"

"Mama, si mimi. Bahasha ndiyo iliyochagua."

"Basi bahasha yako ina upendeleo kama chifu."

Hata Daktari alicheka, baada ya kutafsiriwa. Nilikuwa na furaha siku zile, na nataka uijue, ili usidhani nilikuwa mtu mwovu aliyekuwa akingoja nafasi ya kudanganya. Nilikuwa na madaftari mawili. La kwanza la rasimu, nililobeba kati ya vitanda, likiwa na madoa ya asali na dawa. La pili safi, nililonakili kila Jumatano mchana kwa wino, kwa mwandiko ambao mwalimu wangu angeutundika ukutani. Alikuwa akituambia kwamba mwandiko safi ni moyo safi. Niliamini hivyo.

Namba kumi alikuwa babu yako.

Baba yako ndiye aliyemleta kwa baiskeli, amekaa nyuma, kofia yake kichwani, viatu vyake vya tairi miguuni. Kidonda kilikuwa chini ya kidole gumba cha mguu wa kulia. Jumatano ya kwanza Daktari alikipima mwenyewe, kama alivyofanya kwa kila mgonjwa mpya. Miraba ishirini na saba. Bahasha ikafunguliwa: asali. Babu yako akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema hata baba yake aliitumia. Kisha Daktari akanigeukia, kwa kuwa upande ule wa wodi ulikuwa wangu.

Wewe umekua ukiziona chinsoni, miiko yetu ya haya kati ya wakwe, zikilegea, kwa hiyo nikukumbushe zilivyokuwa. Mkwe wa kike na baba wa mume wake hawapeani mkono. Baba mkwe haingii katika nyumba ya mwanawe. Babu yako alipokuja kwetu aliita kutoka uani, nami nikatoa kigoda na kukiweka, na nikishaondoka ndipo akakaa. Uji niliuweka chini, naye akauchukua. Tangu niolewe sikuwahi kuona mguu wake juu ya kifundo, wala yeye hakuwahi kuona kichwa changu bila kitambaa. Na sasa nilitakiwa kuushika unyayo wake mapajani mwangu, kuuosha, na kuuchora.

Daktari hakujua. Angejuaje? Jina la mzee lilikuwa lake, mimi niliandikwa kwa jina la baba yangu. Aliuliza kama alivyouliza kila mara, "Kuna lolote linalokuzuia kumhudumia huyu?"

Dresa mwenzangu, Onsongo, alikuwa amesimama pale. Yeye alijua. Alikuwa mtu wa kijiji cha jirani. Akanong'ona kwa Ekegusii, "Leo msomi wa darasa la nane atashindwa na kidole cha mzee."

Ningesema maneno matatu tu: ni baba mkwe. Onsongo angemchukua namba kumi, nami ningemchukua Kerubo na kelele zake. Ingekwisha hapo. Lakini nilikuwa nimesema mara nyingi, mbele ya Onsongo huyo huyo, kwamba mambo ya kizamani hayanihusu, kwamba mimi nimebatizwa na nimesoma. Nikaona haya kwamba naona haya.

"Hapana, Daktari," nikasema. "Hakuna kinachonizuia."

Jumatano iliyofuata, alipoletwa tena kutoka nyumbani, niliweka pazia kuzunguka kiti chake. Nikaingiza beseni, kikombe cha asali, shashi, bendeji. Nikasimama nje ya pazia.

"Baba, maji ni ya vuguvugu. Kila kitu kiko hapo."

"Asante, mwanangu. Wewe geuka tu. Mimi si mtoto, nitajiosha."

Nikasikia maji yakichuruzika. Nikangoja. "Kinaendeleaje, Baba?"

"Kinaendelea vizuri. Hakiumi kabisa."

Hakiumi. Mimi niliyejua kwamba kutouma ndio ugonjwa wenyewe, nilifurahi kusikia hivyo. Alikuwa mzee mwenye macho mazito, anajaribu kuona chini ya unyayo wake mwenyewe, anapaka asali mahali anapokisia. Hakutaka kuniambia kwamba haoni, kwa sababu angeniita ndani. Mimi sikutaka kuuliza, kwa sababu angeniita ndani. Tuliheshimiana hivyo, pazia katikati, kwa Jumatano tano.

Namba nilizipata wapi? Nilichukua mchoro wa Daktari, nikachora ndani yake mwingine mdogo zaidi. Wiki iliyofuata, ndani ya huo, mwingine. Ishirini na nne. Ishirini na moja. Kumi na tisa. Kumi na nne. Kumi na moja. Unaona hazishuki sawasawa. Nilifanya hivyo makusudi, kwa sababu kidonda cha kweli hakishuki sawasawa, na nilikuwa mwanafunzi mwema niliyeijua kazi yangu.

Lakini kuna jambo moja ambalo sijawahi kulielewa. Namba hizo niliziandika katika daftari safi tu. Katika lile la rasimu, kila Jumatano nilipofika kwa namba kumi, mkono wangu ulikataa. Niliacha mstari mtupu. Siku ukilifungua utaona: tisa ina namba, kumi haina kitu, kumi na moja ina namba. Mistari mitano mitupu. Labda nilidhani nitarudi kuijaza siku nitakayopata ujasiri wa kuingia ndani ya pazia.

Sasa nafika mahali ambapo wewe umo, na hapa nimeinuka nikapasha chai moto, nikaiacha ikapoa.

Ilikuwa Jumamosi baada ya ibada. Tulikuwa na wageni wa kanisa, wamekaa nje, na mzee wa kanisa alikuwa akiomba baraka kwa chakula. Ulikuwa umempelekea babu yako uji nyumbani kwake. Ukarudi mbio, ukaja hadi nilipokuwa, na wala hukungoja amina.

"Mama, mguu wa babu unanuka. Unanuka kama panya aliyefia darini."

Watu walisikia. Mmoja akakohoa. Nilikupiga kofi, Moraa. Nilikupiga kwa nguvu zaidi ya kosa lolote ulilowahi kufanya, na nikasema, "Mtoto hamtaji babu yake hivyo!" Ulilia nyuma ya ghala mpaka wageni wakaondoka. Baadaye ukaniambia, "Lakini ni kweli." Nikakuambia unyamaze.

Sijui kama unakumbuka. Tangu siku ile umekuwa mtu wa kufikiri mara mbili kabla ya kusema, na watu wananisifu kwamba nimelea msichana mtulivu. Kila wakinisifu naona alama ya vidole vyangu.

Unajua kwa nini nilikupiga? Si kwa ajili ya adabu. Nilikupiga kwa sababu kabla hujamaliza kusema nilikwisha kujua. Harufu ile niliifahamu kutoka wodini. Na hata hapo, kwa kuwa ilikuwa Sabato na wageni wako nje, nilijiambia nitangoja.

Jumatatu hakuweza kusimama. Wanaume walimbeba kwa blanketi na miti miwili. Mimi nilikuwa kazini wakati wanafika. Daktari akafungua bendeji, na wote mle wodini wakageuza nyuso. Kerubo peke yake ndiye aliyesema, kwa sauti ya chini, "Mungu wangu, na alikuwa wa asali." Katika kiatu chake cha tairi, mahali pa kidole gumba, msumari mmoja ulikuwa umepenya kwa juu. Alikuwa akiukanyaga wiki ngapi, hakuna ajuaye. Hakusikia. Mtu yeyote aliyeutazama ule unyayo mara moja angeliona tundu lake.

Daktari akaomba daftari. Akaweka kidole kwenye namba kumi, akafuata mstari.

"Jumatano alikuwa kumi na moja?"

"Ndiyo, Daktari."

"Siku tano zilizopita. Kumi na moja."

"Ndiyo."

Aliutazama mwandiko wangu, akautazama mguu, akauamini mwandiko. Sijui kama utalielewa hilo sasa hivi, lakini utalielewa. Mguu ulikuwa mbele yake. Akasema, "Ugonjwa huu ni wa ajabu. Kumbe kidonda kinachofunga kinaweza kugeuka kwa siku tano tu." Na akaandika hivyo. Ameandika katika ripoti yake, na katika barua yake kwetu anasema bado anawafundisha wanafunzi wake hivyo. Maana yake, mahali fulani kuna muuguzi aliyeona mguu ukiharibika polepole, akaambiwa si kosa lake, hugeuka ghafla. Na kuna mwingine ambaye haangalii kwa bidii, maana amefundishwa kwamba kuangalia hakusaidii. Uongo wangu haukubaki Nyamira. Uongo huo umesoma kuliko mimi.

Walimkata chini ya goti.

Babu yako aliishi miaka mitatu baada ya hapo. Unamkumbuka akiwa mbele ya nyumba yake na ungo wa wimbi, akikutania kwamba sasa mkishindana mbio utamshinda kwa shida kidogo. Hakunilaumu hata kwa jicho. Lakini siku moja nilimwekea uji kwenye kigoda chake, nikaanza kuondoka kama kawaida, akaniita.

"Nyaboke."

Hakuwa akiniita kwa jina. Nikasimama, nikamgeuzia mgongo nusu, kama inavyotakiwa.

"Wewe ulikuwa na haya, na mimi nilikuwa na haya. Mimi mkubwa ndiye ningesema kwanza. Sikusema." Akakinywa kile kikombe chote kabla ya kuendelea. "Yule daktari anadhani ni asali. Ama anadhani ni nini?"

"Anadhani uligeuka ghafla, Baba."

Akacheka mpaka akakohoa. "Mimi? Sijawahi kufanya jambo lolote ghafla maisha yangu yote. Kamwambie. Mguu wangu umekwenda, angalau uwe na faida kwa mtu."

"Nitamwambia, Baba."

Alikufa kabla sijatimiza. Baada ya msiba Daktari akahamia Nairobi, nami nikaacha kazi. Watu walidhani ni kwa sababu ya chai, kwamba kiwanda kilikuwa kinakaribia kufunguliwa na shamba lilihitaji mikono. Nikawaacha wadhani. Mikono yangu imekuwa myeusi kwa utomvu wa majani, na hakuna aliyewahi kuniuliza chochote kuhusu miraba.

Usinielewe vibaya juu ya chinsoni. Kwa miaka mingi nilizichukia, nikasema ndizo zilizomkata babu yako mguu. Sasa nimechoka hata kuzichukia. Onsongo alikuwa na mikono miwili na alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwangu. Mila yetu ilikuwa imeshaacha mlango wazi. Mimi ndiye niliyeufunga, nionekane mtu wa kisasa.

Hivyo ndivyo nilivyoishi, na ningeendelea. Ndipo ikaja barua ya Daktari. Anataka kuanza upya, wagonjwa wengi zaidi, na anasema atatumia madaftari ya zamani kama msingi. Na anakutaka wewe.

Jumapili nilimwambia baba yako. Ni baba yake aliyekatwa mguu, kwa hiyo ilimpasa ajue kabla yako. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akachukua panga akaenda kukata majani ya ng'ombe. Akarudi jioni na mzigo wa kutosha ng'ombe watatu, nasi tuna mmoja. Akautua, akaniuliza, "Moraa anajua?"

"Bado."

"Basi asisafiri kabla hajajua."

Hajasema neno jingine juu yake. Lakini leo niliporudi kutoka shambani na kusema naenda mjini, alinipolishia viatu vyangu, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu tuoane.

Nilimwandikia Daktari usiku wa Jumatatu. Mpango wangu ulikuwa nikupe barua hiyo pamoja na daftari la rasimu, nililoondoka nalo nilipoacha kazi, uvibebe katika sanduku lako na kumpa mwenyewe. Nilijiambia kwamba ni vizuri zaidi, utakuwepo kumfafanulia, na kwamba kwa uso wako hatakasirika sana. Nilikwisha kuvifunga kwa gazeti na kuviweka chini ya kanga zako. Asubuhi nikiwa shambani nikajiona. Nilijiona nimesimama nje ya pazia, nikisukuma beseni ndani kwa mguu, ili mtu mwingine aoshe asichoweza kukiona. Nikaacha kikapu kwenye mistari ya chai.

Uliponiuliza naenda mjini kufanya nini, nikakuambia chumvi. Nilirudi bila chumvi, ukanicheka kwamba nazeeka. Nilikuwa nimekwenda posta.

Karani alilipima lile daftari kwa mkono, akalinusa. "Mama, hiki kitabu cha zamani hivi, chenye madoa, ndicho unachotaka kiende kwa rejista?"

"Ndicho."

"Kina nini cha maana?"

"Mistari mitano mitupu."

Akanitazama kama mtu anayeamua kama atacheka. Kisha akagonga muhuri.

Kwa hiyo imekwenda, Moraa. Itamfikia Ijumaa au Jumatatu, wewe ukiwa umeshafika. Nimemwandikia kila kitu, na nimemwandikia kwamba wewe hukujua mpaka usiku wa kuamkia safari. Huenda akakunyima lile daftari. Huenda akakuita akakuuliza maswali makali ambayo yalikuwa yangu. Ukiulizwa, sema unachokijua, na usichokijua sema hukijui. Chuo ni chako hata akikasirika. Ikitokea kwamba nacho kimekufungia mlango, hilo pia litakuwa mikononi mwangu, na utarudi hapa bila kuona haya. Lakini nina tumaini dogo, ninalishika kama yai. Mtu aliyeweza kusema "mimi sijui" mbele ya madresa labda ataweza kusema "nilikosea" mbele ya wanafunzi wake.

Kitu kimoja zaidi. Kabla ya kulifunga daftari nilizifungua kurasa zenye mistari ya namba kumi. Ile mistari mitano niliiacha kama ilivyo. Sina cha kuijaza. Lakini baada ya hiyo palikuwa na mstari wa sita, kwenye ukurasa wa Jumatano ambayo mguu ule haukuifikia, nao ulikuwa mtupu pia. Nilichukua kalamu nikaandika hapo, kwa mwandiko wangu bora, tarehe ya Jumamosi ile, na mbele yake kipimo cha pekee cha kweli kilichowahi kuchukuliwa juu ya mguu ule tangu Daktari aupime mwenyewe:

"Mguu wa babu unanuka. Aliyeangalia: Moraa, miaka tisa."

Nisamehe kofi lile. Nasikia lango. Umerudi, na naona shangazi yako amekubebesha ndizi.

Ni mimi mama yako,
Nyaboke